Betri za Vituo vya Umeme Zisisahauliwe

Mtu atokaye Mjini kwenda Kizimkazi husafiri mwendo wa kiasi cha kilomita 50 kuelekea kusini, na mwisho wa safari yake hukuta umeme umeshamtangulia. Upo katika majokofu yanayohifadhi samaki, katika pampu zinazovuta maji ya visima, katika zahanati na skuli, na katika nyumba za wageni wanaokuja kuwatazama pomboo. Lakini wakaazi wa mwisho wa njia wanalijua jambo moja ambalo wenzao wa Mjini hulisahau upesi. Umeme unaowafikia umepita mikono mingi, na mkono mmoja ukilegea, wao ndio wa mwisho kurejeshewa.

Leo gazeti hili lingependa kuzungumzia mkono mmoja mdogo miongoni mwa mikono hiyo, nao ni betri za akiba zilizomo ndani ya vituo vya kupozea umeme. Hatuna kumbukumbu ya utepe uliowahi kukatwa mbele ya chumba cha betri. Transfoma mpya huzinduliwa kwa hotuba, na waya mpya wa baharini hupokewa kwa ngoma. Betri huingizwa kimya kimya kwa mlango wa nyuma, hupangwa katika chumba kidogo, na tangu siku hiyo huwa hazina mwenyewe. Tunaamini kwamba hali hiyo ni hatari kwa kisiwa kama chetu, na kwamba kuirekebisha si jambo la fedha nyingi.

Kwanza yafaa tuelewane tunazungumzia betri zipi. Siku hizi husemwa sana juu ya betri kubwa za kuhifadhi umeme wa jua ili utumike usiku. Hizo ni nyingine, nazo zina sifa zake. Betri tunazokusudia haziwashi taa ya nyumba ya mtu yeyote. Kazi yake ni kukipa uhai kituo chenyewe. Humo ndani mna vyombo vya ulinzi, yaani rilei, vinavyoupima umeme wakati wote na kutambua pale unapoharibika. Mna pia swichi kubwa zinazotakiwa kufunguka mara moja ili kukata njia iliyoharibika. Rilei huhitaji nguvu ili zitoe amri, na swichi huhitaji nguvu ili ziitii. Nguvu hiyo haiwezi kutegemea umeme ule ule unaolindwa, kwa sababu ubovu ukitokea, umeme huo ndio wa kwanza kuanguka. Ndiyo maana ikawekwa betri.

Tuchukue mfano ambao kila mtu wa shamba anaufahamu. Upepo wa kusi unavuma, kuti la mnazi linaangukia nyaya za volti 33,000. Ikiwa betri ni nzima, rilei huona, swichi hufunguka kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, na vijiji vichache hukaa gizani mpaka mafundi waliondoe kuti. Ikiwa betri imekufa, rilei ni kipofu na swichi ni kiziwi. Umeme utaendelea kumiminika katika ubovu ule, nyaya zitayeyuka, na transfoma iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni huenda ikaungua. Mwisho wake kituo kikubwa zaidi kilichoko nyuma ndicho kitakachokata, na badala ya vijiji vichache kitazimika kisiwa. Kuti ni lile lile na upepo ni ule ule. Kilichobadilisha ajali ndogo ikawa msiba ni betri.

Hatuna haja ya kumweleza Mzanzibari maana ya msiba wa giza. Tangu mwaka 1980 kisiwa cha Unguja kinapata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Ras Fumba, uliokuwa na uwezo wa megawati 45. Mwezi wa Mei 2008 njia hiyo iliharibika, na kisiwa kizima kikakaa bila umeme kwa muda wa kiasi cha wiki nne. Kabla watu hawajasahau, tarehe 10 Disemba 2009 giza lilirejea, na safari hii lilidumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Pampu zilinyamaza, na akina mama wakarudi kubeba ndoo za maji kwa masafa marefu. Wavuvi waliuza samaki kwa bei ya kutupa kwa kukosa barafu. Mafundi cherehani, wachomea vyuma na wasaga nafaka walikaa mikono mitupu. Mtaalamu wa uchumi Alfredo Burlando, aliyechunguza baadaye kumbukumbu za uzazi za hapa kwetu, alionyesha kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati wa giza la mwaka 2008 walizaliwa na uzito mdogo zaidi, na akalihusisha jambo hilo na kupungua kwa kipato cha wazee wao. Basi giza hilo halikuishia katika taa, bali liliwafikia hata wale ambao hawajazaliwa.

Tuseme kweli, wala tusimsingizie mtu: katika misiba hiyo miwili chanzo hakikuwa betri, bali ubovu wa njia yenyewe ya kuleta umeme kisiwani. Tangu hapo hatua kubwa imechukuliwa. Waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100, uliolazwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, ulizinduliwa mwaka 2013. Pemba nayo imeungwa na Tanga tangu mwaka 2010. Lakini funzo la miaka ile halikuwa kwamba nyaya zilikuwa chache tu. Funzo ni kwamba kisiwa hakina jirani wa kumgongea mlango usiku. Nchi ya bara ikipoteza njia moja huenda ikapata nyingine, ambapo sisi bahari imetuzunguka pande zote. Kwa hiyo kila chombo kinachozuia ubovu mdogo usiwe mkubwa kina thamani zaidi kwetu kuliko kwa wengine.

Wenye kudhani kwamba betri ni jambo dogo na wakumbuke yaliyotokea Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011. Mawimbi ya tsunami yalipoingia katika kituo cha nguvu za nyuklia, yalizamisha majenereta pamoja na betri. Wahandisi wa nchi iliyoendelea kuliko nyingi duniani walijikuta katika chumba cha uendeshaji chenye giza, hawawezi hata kusoma vipimo vya mitambo yao, ikawabidi wakusanye betri za magari yaliyoegeshwa kituoni na kuziunga ili wapate kuona. Kituo cha kupozea umeme hakina hatari ya nyuklia, lakini kanuni ni moja: mtambo mkubwa usio na betri hauna macho wala mikono.

Sasa tuje kwenye jambo linaloleta madhara zaidi, nalo ni udanganyifu wa kipimo. Kituo cha kawaida chenye mfumo wa volti 110 huwa na seli 55 za risasi na asidi, zilizofungamana moja baada ya nyingine kama pete za mnyororo. Chaja huziweka katika hali ya kujaa wakati wote, kila seli ikiwa na kiasi cha volti 2.25, na kwa hiyo kipimo ukutani huonyesha kiasi cha volti 124. Mkaguzi akiingia huona mshale umesimama pahala pake, huandika kuwa hali ni njema, akaondoka. Asichokijua ni kwamba kipimo kile kinaonyesha nguvu ya chaja. Betri yenyewe yaweza kuwa imekufa tangu mwaka jana, na mshale usitikisike. Na kwa kuwa seli zimefungamana, moja tu ikikatika ndani, zote 55 hazifai kitu. Siku umeme utakapoanguka na chaja kuzimika, ndipo ukweli utakapojulikana, nayo ndiyo siku isiyofaa kabisa kujifunza.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuchagua vyema, na kuchagua vyema hakuanzi na bei. Huanza na kuhesabu. Ni mzigo gani unaotegemea betri saa zote, kama vile rilei, taa za tahadhari na mawasiliano? Ni mzigo gani unaokuja kwa mkupuo, swichi zinapofunguliwa na kufungwa? Na betri itakiwe kuhimili saa ngapi bila ya chaja? Mara nyingi wahandisi huhesabu saa nane. Kwa kituo kilicho mbali, ambacho fundi atakifikia usiku wa masika kwa barabara yenye maji, saa hizo ziongezwe. Tena mwisho wa saa hizo betri ibaki na nguvu ya kufungia swichi, maana bila ya hivyo umeme ukirudi hautaweza kupokelewa.

Jambo la pili ni joto. Vitabu vya watengenezaji huandika umri wa betri kwa chumba chenye nyuzi 20 au 25 za Sentigredi. Chumba cha bati na saruji hapa Unguja, katika miezi ya Januari hadi Machi, hakijui nyuzi hizo. Kanuni iliyozoeleka kwa betri za risasi ni kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi kiasi cha nane hadi kumi, umri wa betri hupungua kwa nusu. Basi ofisa anayetia saini kununua betri ya miaka kumi na kuiweka katika chumba chenye nyuzi 35, amenunua betri ya miaka mitano kwa bei ya miaka kumi. Asishangae katika mwaka wa sita.

Zipo aina tatu ambazo mnunuzi hukabiliwa nazo. Ipo betri ya risasi iliyo wazi, inayoongezwa maji. Inataka kuangaliwa, lakini ikiangaliwa hudumu miaka kumi na mitano au ishirini, na chupa yake ikiwa angavu fundi huona kwa macho hali ya ndani. Ipo betri ya risasi iliyofungwa, isiyohitaji maji. Hii husifiwa sana na wauzaji kwamba haina matunzo, na hapo ndipo penye mtego: haivumilii joto, hukauka ndani bila dalili, na hufa kimya. Isiyohitaji maji si sawa na isiyohitaji uangalizi. Ya tatu ni ya nikeli na kadimiamu. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini huvumilia joto na hata uzembe kidogo, na huishi miaka mingi. Maoni yetu ni kwamba katika vituo vyenye mafundi wa kudumu, betri ya risasi iliyo wazi inatosha na inafaa. Katika vituo vya mbali vyenye joto na visivyo na mtu, nikeli na kadimiamu itajilipia gharama yake. Na ile iliyofungwa iwekwe tu katika chumba kinachopozwa na kupimwa mara kwa mara. Na popote pale, betri ya gari isiletwe kuziba pengo la kudumu. Imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kusimama zamu miaka kumi.

Kazi ya pili ni matunzo, nayo haihitaji elimu ya ajabu. Kila mwezi fundi asome volti za chaja, joto la chumba na kiwango cha maji. Kila miezi mitatu apime seli moja moja na kuandika. Kila mwaka akaze viungo na kuvisafisha, kwani hewa yetu ya chumvi hula shaba na risasi kama mchwa alavyo boriti. Maji yanayoongezwa yawe maji safi ya betri, kamwe yasiwe ya kisima. Sote twajua visima vya kusini vilivyo na magadi na chumvi, na chumvi hiyo ni sumu ndani ya seli. Madirisha ya kupitisha hewa yasizibwe, kwa sababu betri ikijazwa hutoa haidrojeni, na hewa ikiwa na sehemu nne tu za gesi hiyo kwa mia, cheche moja yatosha kulipua. Fundi apewe glavu, miwani na maji ya kujiosha. Asidi haitofautishi baina ya bingwa na mwanafunzi.

Lakini juu ya yote hayo pana jaribio moja lisilo na mbadala: chaja iondolewe kwa utaratibu uliopangwa, betri ibebeshwe mzigo wake, na ipimwe imedumu saa ngapi. Betri ijaribiwe hivyo inapokuwa mpya, irudiwe ndani ya miaka miwili, kisha kwa vipindi visivyozidi miaka mitano, na kila mwaka inapoanza kuzeeka au inapokuwa ya aina iliyofungwa. Ikishuka chini ya sehemu 80 kwa mia ya uwezo wake, ibadilishwe, hata kama mshale ukutani unasema ni nzima. Mvuvi wa Kizimkazi hangojei dhoruba ndipo ajue kamba ya nanga yake imeoza. Huivuta kwa mikono angali pwani.

Wala betri ikifa kazi haijesha. Ndani yake mna risasi na asidi, au kadimiamu, na vyote ni sumu. Sehemu kubwa ya kusini ya Unguja ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba, ambapo kinachomwagwa juu huzama upesi hadi kwenye maji tunayokunywa. Betri kuukuu isiuzwe kiholela kwa wayeyushaji wa uani, ambako watoto huvuta moshi wa risasi. Kila mkataba wa kununua mpya uwe na sharti la muuzaji kuchukua zilizochakaa.

Huenda ofisa akasema kwamba taratibu zote hizi zimekwisha kuandikwa. Hatubishi. Lakini kuandika na kutenda ni mambo mawili. Tarehe 21 Machi 2025 uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ulifungwa karibu siku nzima kwa sababu transfoma moja ya kituo cha North Hyde iliungua. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba dalili za unyevu katika transfoma hiyo zilikuwa zimeonekana katika vipimo tangu mwaka 2018, na hatua zilizopasa kuchukuliwa hazikuchukuliwa. Kipimo kilikuwepo, na karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu aliyewajibika kuisoma karatasi na kufanya lililoandikwa. Ikiwa hayo yametokea Uingereza, tusijidanganye kwamba hayawezi kutokea Mtoni au Fumba.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa wahusika, yaani Shirika la Umeme, Wizara yenye dhamana ya nishati, na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati. Mosi, betri ziwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, lisilochotwa kwa kazi nyingine, ili kubadilisha betri lisiwe jambo la dharura bali la ratiba. Pili, kila kituo kiwe na daftari la betri, na jina la ofisa mmoja anayewajibika kwalo. Na matokeo ya majaribio ya uwezo yawasilishwe kwa Mamlaka kila mwaka, ili Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waweze kuyauliza. Tatu, aina za betri katika kisiwa zipunguzwe, ili vipuri na ujuzi wa kituo kimoja vifae katika kingine. Nne, vijana wanaosomea ufundi umeme katika Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia wapewe nafasi ya kufanya majaribio hayo pamoja na mafundi wa zamani, maana ujuzi wa betri ni wa mkono na jicho, na mzee akistaafu huondoka nao.

Wananchi nao wana sehemu yao. Anayeiba waya wa shaba wa ardhini au seli ya kituo kwa ajili ya kuuza chakavu hamwibii Shirika. Anaiba usalama wa mgonjwa aliyelazwa Mnazi Mmoja na wa mzazi aliyeko Makunduchi. Anayekataa mnazi wake uliolalia nyaya usipogolewe anajua mwenyewe kuti litaanguka wapi. Na masheha wasaidie kueleza jambo hili badala ya kungoja lawama baada ya giza.

Pale Dimbani, Kizimkazi, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Umejengwa upya katika karne ya 18, na umekarabatiwa tena na tena na waliofuata. Haukubaki kwa sababu mawe yake ni ya ajabu, kwani mawe kama hayo yamejaa pwani yetu katika magofu yasiyo na jina. Umebaki kwa sababu katika kila kizazi alikuwepo mtu aliyeona ufa akauziba. Serikali imeleta nyaya na transfoma kwa gharama kubwa, na tunaishukuru. Sasa tunaiomba imtafute mtu huyo wa kuziba ufa katika kila kituo, imkabidhi ufunguo wa chumba cha betri na daftari lake, na imuulize habari zake kila mwaka.